Njia ya baiskeli yenye kingo Mtwara mjini: tuihitaji au anasa?

Mwana wa Chuno: Wadau, barabara zetu za mjini ni pana tangu enzi za mradi wa karanga wa Mwingereza. Kwa nini tusikate mita mbili kila upande, tukaweka kingo za zege, baiskeli zikapita zake? Rangi peke yake haitoshi, bajaji haiogopi rangi. Hata Uholanzi magari yalikuwa yamejaa, miaka ya 70 watu wakaandamana kwa sababu ya watoto kugongwa.

Dereva Mstaafu: Uholanzi kuna baridi. Toka Mikindani saa saba mchana na jua hili, uone. Halafu tuseme ukweli, baiskeli siku hizi ni ya muuza samaki tu.

Binti Mikindani: Shikamoo babu. Hiyo "muuza samaki tu" imenichoma. Marehemu baba alitusomesha watoto watano kwa Phoenix moja, tenga nyuma limefungwa kwa mipira ya tairi. Lori likimjia kwa nyuma anashuka mchangani, anashikilia tenga kwa mkono, linapita, anapanda tena. Kila alfajiri.

Dereva Mstaafu: Marahaba mjukuu wangu. Mzee sijamtukana. Ila samaki wa tenga walikuwa wanafika mjini macho mekundu, hilo nalijua, nimewala.

Changu Mbichi: Macho mekundu?? Wewe ulikuwa unanunua jioni, za kupunguziwa bei!

Jirani wa Lindi: Mtwara mnagombania samaki waliolala. Njooni huku mle wabichi.

Changu Mbichi: Lindi nyamazeni, baiskeli zenyewe mnazisukuma kupanda kilima.

Fundi Spoku: Jamani mada! Dar, barabara ya Morogoro, walijenga njia za baiskeli pamoja na mwendokasi. Kapite leo: bodaboda, meza ya chipsi, gari limeegeshwa. Zege tutamwaga, nani atawatoa mama ntilie?

Mwana wa Chuno: Ndiyo maana nasema kingo, tena njia ziungane. Seville, Hispania, kwenye 2006, 2007 hivi walijenga kama kilometa 80 kwa mkupuo, na waendesha baiskeli wakaongezeka sana. Kiangazi chao kinapita joto letu, kwa hiyo hoja ya jua mzee aifute.

Jirani wa Lindi: Hispania si ndiyo wanakula pweza?

Fundi Spoku: Wanakula. Sasa?

Jirani wa Lindi: Basi wana akili, wasikilizwe.

Binti Mikindani: Babu bado hajaniambia alinunua kwa nani hao wa macho mekundu.