Seva mbili raki moja, nizivutie waya gani?

kijana_chake
Assalaam alaykum jamani, nna seva mbili hapa kazini Chake Chake, zipo raki moja, toka hii hadi hii haifiki mita mbili. Kila usiku moja inamtupia mwenzake bekapu kupitia swichi ile ile ya watu wote, ya giga moja (gigabiti kwa sekunde), kunapambazuka haijamaliza, watu wakiingia kazini kila kitu kizito. Nataka nivute waya seva kwa seva. Nyuma zina matundu ya RJ45 (yale ya waya wa mtandao wa kawaida) ya giga moja na mawili ya SFP+ (yale ya giga 10) hayajawahi kuguswa. Nikrimpu kros ya Cat6, yaani nifunge vichwa mwenyewe waya wa nyuzi zilizopishanishwa wa mashine kwa mashine, au vipi? Vitu vya SFP hapa Pemba sijaviona, ntaagizia Unguja.

fundi_mlandege
Waalaykum salaam. Kros sahau ndugu yangu, poti za giga zinajigeuza zenyewe, waya wa kawaida unatosha. Lakini mie nisingegusa RJ45 kabisa, SFP+ unazo, chukua DAC, ni waya wa shaba vichwa vyake vimeshafungwa huku na huku, huna moduli (kile kichwa cha kuchomeka kwenye tundu la SFP+) ya kununua wala cha kukrimpu, unachomeka mpaka usikie tak basi, giga 10 hiyo. Giga moja hata ufanyeje ni megabaiti 110 na kitu kwa sekunde, terabaiti moja inakula masaa mawili na nusu. Agiza ya mita 3, ile ya mita 1 siku ukivuta seva kwenye reli zake inang'oka.

umm_seva
Naongezea, angalia kadi zako za mtandao ni aina gani kabla hujatoa pesa. Intel X520 inakataa moduli za faiba (waya wa mwanga) za kampuni nyengine ila DAC za kawaida inapokea, kadi nyengine zinachagua hata DAC. Na atakayetumia RJ45 tafadhalini sana achunge hizi Cat6 rahisi, zimejaa za aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukitoka mweupe ndani rudisha dukani, kwa hewa yetu hii ya chumvi hauchukui muda kichwani pale unaanza kuliwa na linki inakatika katika.

kijana_chake
Shukran, zote X520. IP, yaani anwani za mtandao, niweke zipi?

fundi_mlandege
Huku 10.10.10.1 kule 10.10.10.2, maski /30 (inatosha mashine mbili tu), getwei (njia ya kutokea nje) usiweke, na hakikisha hiyo renji haitumiki kwengine hapo kazini. Halafu kwenye programu ya bekapu badilisha anwani iende hiyo mpya, hapa ndo wengi wanakwama, waya upo na data bado inapita swichi. Pima na iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, ikisoma giga 9 na ushei na bekapu bado inajikokota basi ni diski zako, hardi diski moja ya kuzunguka haiwezi kuijaza giga 10. Na siku mkizitenganisha vyumba DAC ya kawaida mwisho wake kama mita 7, hapo tafuta faiba.