Ukoo wa Makina, Kibra, Nairobi (gumzo la Jumapili)

Yusuf: Asalaam aleikum wote. Kuna mtu anataka ule upande wa nyuma kwa nyanya, kwa Haboba, pale kwa mwembe. Pesa iko mkononi. Naomba tuongee.

Mjomba Ramadhani: Waaleikum salaam. Anautaka kivipi?

Yusuf: Kununua, mjomba.

Mjomba Ramadhani: 😂

Zena: Yusuf, hapo hakuna ploti ya kuuza. Hati ya Kibra ni moja, ekari 288, ya jamii nzima ya Wanubi tangu 2017. Jina la Haboba halimo, lako halimo.

Yusuf: Si ndiyo hiyo shida. Ng'ambo ya reli watu wanauza nyumba za mabati kila mwezi na hawana hata karatasi. Sisi wenye hati hatuwezi kuuza mlango.

Zena: Inawezekana. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa wakubali. Wa jamii yote, si wa kikundi hiki.

Shangazi Halima: Kikundi hiki hata mchango wa harusi haujafika theluthi

Mjomba Ramadhani: Yusuf, sikiza. Mwingereza alipotengea wazee wetu Wanubi, askari wa KAR, jeshi lake la kikoloni, hii Kibra mwaka wa 1918 ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Msitu mtupu, ndiyo maana ya jina lenyewe kwa Kinubi. Mzee wangu alikuwa na kile kikaratasi wakiita shamba pass, amekikunja mara nne ndani ya kopo la majani chai. Kilimruhusu kukaa. Hakikusema ni pake. Mitaa ikajengwa juu yake, Jamhuri, Ayany, Fort Jesus, na sisi na kopo letu. Sasa kutoka 4,000 tumebaki na 288, uniambie hapo kuna nini cha kukatakata.

Yusuf: Nimekuelewa mjomba. Lakini heshima ya babu hailipi karo.

Shangazi Halima: Hapo hajakosea jamani

Zena: Haboba ametuma sauti ya dakika nne. Nani amesikiliza?

Mariamu: Mimi. Nusu ni kuku wake. Halafu anasema huyo mtu alikuja juzi na futi ya kupimia, akauliza kichochoro cha kwenda msikitini ni cha nani. Akamjibu ni cha miguu.

Mjomba Ramadhani: Ni cha miguu! Mashallah.

Zena: Anapima hadi kichochoro? Basi anataka kuziba. Tukifiwa jeneza tutapitisha wapi, juu ya mabati?

Yusuf: Hakuniambia habari ya kichochoro.

Mariamu: Angekuambia ungekataa

Mjomba Ramadhani: Yusuf. Umechukua chochote kwake?

Mjomba Ramadhani: Yusuf

Yusuf: Elfu ishirini. Alisema ni ya chai tu.

Shangazi Halima: Wueh

Mjomba Ramadhani: Zirudi kesho asubuhi, kabla hajaja na shahidi.

Yusuf: Zimeenda shule, mjomba. Walikuwa wamemrudisha Sofi nyumbani.

Shangazi Halima: Mimi natuma elfu mbili. Mariamu shika hesabu, na safari hii msinizungushe.

Zena: Tatu.

Mjomba Ramadhani: Natoa tano. Na namba ya huyo mtu nitumie mimi, usimpigie wewe.

Yusuf: Asanteni sana. Tafadhali tu, Haboba asijue.

Mariamu: Haboba yuko humu ndani Yusuf

Haboba: 🎤 Sauti 0:07