Mrejesho: homa ya mjomba iliyokataa mseto

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kuhusu mjomba aliyekuja Masasi mwezi wa saba akitokea Massachusetts, Marekani, akashikwa na homa, jasho la usiku na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha hana, mara mbili. Mseto, ile dawa ya malaria, tukampa hivyo hivyo. Bure.

Ni babesia, kimelea kinachoenezwa na kupe. Mtaalamu wa maabara Mtwara mjini, Mungu ambariki, aliangalia damu kwa darubini akaona vipete ndani ya chembe nyekundu, kama vya malaria kabisa, ila vingine vinne vinne vimekaa kama msalaba. Akauliza, "Mzee katokea wapi?" Swali ambalo sisi wote hatukuliuliza! Sampuli ikaenda Dar, ikathibitishwa.

Kule kwao kupe mchanga ni mdogo hata kuliko punje ya ufuta, ndiyo maana mjomba hakumbuki kung'atwa. Tena wengu wake ulitolewa zamani baada ya ajali, na asiye na wengu huumwa vibaya zaidi.

Wewe uliyenijibu ukataja ugonjwa wa ng'ombe kukojoa damu, ulikaribia: ni ukoo mmoja, kimelea kingine.

Dawa ni azithromaisini na atovakwoni. Wengi humaliza kwa siku 7 hadi 10, yeye itachukua wiki kadhaa. Atovakwoni hunywewa na chakula chenye mafuta, basi amepata kisingizio cha kumaliza korosho za shangazi.