Mrejesho: Leso za nyanya sasa ni shuka

Hamjambo wapendwa. Niliuliza nifanyeje leso (kanga) kuukuu za marehemu nyanya ziwe shuka moja, bila kuzikata wala kuzitia cherehani. Asante sana aliyenitajia kantha, kazi ya akina mama wa eneo la Bengali, huko India na Bangladesh. Wao hutandika sari zilizochakaa moja juu ya nyingine, kisha hupiga bandi, yaani mishono midogo ya kuingia na kutoka, kwa mkono kote. Zamani hata uzi waliuchomoa kwenye pindo za sari hizo hizo!

Nimezishikiza leso kwa mishono mirefu ya muda, nikaanza katikati nikielekea pembeni. Hapo ndipo penye siri: ukianzia pembeni, kitambaa cha chini kinajikusanya katikati na hakinyooki tena. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi sita zinazotenganishwa. Nimetumia mbili tu, maana leso zimechoka na uzi mnene ungezirarua. Bandi zikikaribiana, kitambaa kinafanya vikunjo vidogo vidogo kama ziwa letu asubuhi. Napenda mno kukipapasa.

Mshono wa mnyororo nimeuzungusha kwenye maua pekee. Majina ya leso sijayafunika, nataka wajukuu wayasome.

Imebaki pindo. Anayejua pa kupata uzi mwekundu usiochuja hapa Kisumu, hata soko la Kibuye, anielekeze.