Msaada wa modeli za Django: jedwali la Mkulima limefika kilo_12 na mzee kaleta mzigo wa 13

mtoto_wa_Tandahimba
Habari za jioni wakuu. Natengeneza kisistimu cha kupokelea korosho kwa AMCOS moja (chama cha ushirika cha wakulima) huku kwetu, natumia Django, ile fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti, databesi ni hiyohiyo SQLite inayokuja nayo. Nilianza na modeli moja ya Mkulima, yaani jedwali moja kwenye databesi, fildi zake (safu) nikaweka jina, simu, kijiji, halafu kilo_1, bei_1, kilo_2, bei_2 nikaenda hivyohivyo mpaka kilo_12, nikajua nani ataleta mzigo zaidi ya mara kumi na mbili. Juzi karani kanipigia, kuna mzee kaja mara ya 13 na vikilo arobaini hivi alivyookota mwisho mwisho chini ya mikorosho, na sistimu haina pa kuviweka 😅

Matatizo mengine mawili. Jumla ya kilo inatoka na mkia, sifuri kibao halafu mbili mwishoni. Na nilikuwa na modeli ya Malipo pembeni, nikamfuta mkulima mmoja aliyeandikwa mara mbili, malipo yake yote yakaondoka naye. Kwenye on_delete, pale unapoiambia Django ifanye nini mkulima akifutwa, niliweka CASCADE kwa sababu ndo niliyoikuta kwenye mfano. Nianzie wapi kupanga upya?

fundi_shangani
Dogo usijali wengi tumepita humo. Ukiona fildi zinaishia na namba jua kuna modeli imefichwa hapo. Chukua daftari la karani uliangalie, mstari mmoja ni nini? Sio mkulima, ni mzigo mmoja uliopimwa siku moja. Basi huo mstari ndo modeli yako, iite Pokezi, ndani yake weka ForeignKey (fildi ya kuunganisha) ya kwenda kwa Mkulima, tarehe, daraja la ubora na kilo, mzee akija mara mia ni mistari mia hakuna ugomvi.

Bei sasa. Hiyo usiiweke kwa mkulima wala kwenye Pokezi, maana siku mzigo unapanda mizani bei hakuna anayeijua, mnada bado. Mizigo inakusanywa inakuwa loti, loti ndo inauzwa, na mzee huyohuyo mzigo wake wa wiki hii unaweza kupata bei nyingine kabisa na ule wa wiki ijayo. Kwa hiyo tengeneza modeli ya Loti, bei ikae huko, na Pokezi ielekee kwenye Loti ila fildi hiyo iwe null=True, yaani ikubali kubaki wazi, kwa sababu ukipima leo loti yake haijazaliwa.

Mkia wa sifuri ni FloatField hiyo, fildi ya namba za kukadiria. Fungua Python andika 0.1 + 0.2 itakujibu 0.30000000000000004, sasa fikiria hiyo kwenye hela za watu. Tumia DecimalField inayotunza desimali kamili, max_digits 12 (tarakimu zote), decimal_places 2 (za baada ya nukta), kwenye kilo na kwenye shilingi. Simu iwe CharField, fildi ya maandishi, maana ukiiweka namba ile sifuri ya mbele inakufa.

CASCADE maana yake mama akifa wazikwe na watoto. Weka models.PROTECT, ukijaribu kumfuta mwenye mizigo inakugomea. Zamani Django ilikuwa inajiwekea CASCADE yenyewe kimyakimya, toka toleo la 2.0 la 2017 lazima uandike mwenyewe, lakini watu tunanakili tu.

mama_ufuta
Mi sio mtu wa kuandika programu, ni karani wa ghala huku Nachingwea, nimepita tu nikaona korosho nikasimama. Mwanangu uzito weka fildi mbili, uliopimwa AMCOS na uliopimwa ghala kuu, kwa sababu korosho zina unyaufu, zikikaa na kusafiri zinapungua, ukiwa na fildi moja mtu atafuta ile ya kwanza aandike ya pili na siku mkulima akiuliza kilo zangu zilikwenda wapi huna cha kumuonyesha. Lingine jina usilifanye ndo utambulisho, kijijini kwetu kina Saidi Hamisi wapo watano na wawili wanafanana mpaka jina la babu, mpe kila mtu namba. Na makato jamani!! Yanabadilika kila msimu, kuna sistimu niliwahi kuitumia walipobadilisha makato mapya na stakabadhi za mwaka wa nyuma zikabadilika zote, mkulima ana karatasi inasema hivi kompyuta inasema vile, tulikoma.

fundi_shangani
Mama hapo umegonga penyewe. Dogo hapo weka modeli ya Makato yenye msimu na kiasi, halafu siku ya kulipa nakili kile kiasi ukiandike ndani ya Malipo, usikikokotoe upya kila mtu anapofungua ukurasa. Najua vitabu vinakataza kurudia data sehemu mbili, ila stakabadhi ikishatoka imetoka.

njiapanda_nangurukuru
Naongezea tu, usilazimishe kila Loti iwe na mnada. Mnakumbuka msimu wa 2018/2019 serikali ilivyonunua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo? Ukija kuingiza data za nyuma na fildi ya mnada haikubali kubaki wazi, msimu mzima haupiti. Na hiyo SQLite inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati, msimu ukichanganya makarani watatu wanaandika pamoja utaanza kuona "database is locked", hamia PostgreSQL mapema, databesi inayohimili waandishi wengi, tena SQLite yenyewe haina aina ya desimali ya kweli.

mtoto_wa_Tandahimba
Asanteni sana, mama shikamoo. Nimekesha. Kwanza nilifuta mafaili yote ya migrations, yale yanayotunza mabadiliko ya majedwali, nikidhani naanza upya, ikaniletea "no such column" mpaka nikataka kulia, bahati nilikuwa na bakapu kwenye flashi. Mara ya pili nikafanya kidogokidogo, nikaongeza modeli mpya, makemigrations, migrate, nikahamisha zile kilo_1 mpaka kilo_12 kwa skripti kuwa mistari ya Pokezi, ndo nikaondoa fildi za zamani mwisho. Mzee wa 13 kaingia, kilo 40.50 😂 PostgreSQL naweka wiki hii.

Swali dogo, daraja niliwekee modeli yake?

fundi_shangani
Standadi (daraja la kwanza) na andagredi (la pili)? Viwili tu hivyo, weka choices, orodha ya kuchagua ndani ya fildi, yaishe. Yale malipo yaliyofutika umeyapata?

mtoto_wa_Tandahimba
Kwenye flashi hayakuwepo, bakapu ilikuwa ya baada ya kufuta. Karani ananisomea kutoka kwenye daftari, mi naandika. Tuko ukurasa wa pili kati ya minne.