Tupeane uzoefu: taco za baga kwa chapati, mlo wa usiku wa haraka

Mama Watatu (Ligula, Mtwara)
Wakuu, salaam. Natoka kazini saa kumi na mbili jioni, watoto wana njaa. Siku mbili kwa wiki nawapikia taco za baga: nyama ya kusaga unaibandika mbichi juu ya chapati, unakaanga, ikiiva unakunja na kachumbari ndani. Asili yake ni tortila, mkate mwembamba wa Mexico, mimi nasukuma chapati nyembamba, saizi ya kisahani. Nusu kilo inanipa nane.

Mara ya kwanza niliweka donge nene kama la baga yenyewe. Chapati ikaungua, nyama bado nyekundu, mtoto wangu wa mwisho akalala na chai. Iliniuma sana. Siku hizi naitandaza nyama hadi ukingoni kabisa, maana ikipata moto inarudi ndani. Kikaango kikishapata moto sawasawa, upande wa nyama ndio unatangulia chini, dakika tatu, usiiguse. Ikishika kahawia inajibandua yenyewe. Geuza, chapati nayo ipate dakika moja. Chumvi nyunyiza wakati wa kukaanga. Ukiichanganya mapema nyama inakazana. Nyie mnafanyaje?

Mke wa Mvuvi (Mikindani)
Dada, kwetu nyama ya ng'ombe si ya kila siku, nikajaribu jodari. Nilimsaga nikambandika, kugeuza tu akaachia chapati, akabaki vipandevipande kwenye kikaango. Mama mkwe ndiye aliyeniokoa: yai moja, unga wa muhogo kijiko kimoja cha chakula. Akashika! Ila jodari hana mafuta kama nyama yenu, paka kikaango kwanza, na umtoe mapema, akizidi moto anakuwa mkavu. Juu yake naweka embe bichi la kukwaruza na pilipili. Hapo hata baba watoto haulizi ugali.

Bachela wa Mitwero (Lindi)
Mimi sijui kusukuma, nanunua chapati za asubuhi zilizobaki kwa mama ntilie. Zina mafuta, nyama inateleza. Dawa yake nazipasha kavu kwenye jiko la mkaa mpaka zikauke juu, ndipo nabandika. Sosi ni mayonezi na tomato, basi. Robo kilo inanitosha usiku na kiporo cha asubuhi.

Shangazi wa Newala
Wanangu, jibini ya dukani ghali, na sisi tumekaa juu ya korosho! Chukua za vipande, hizo bei yake nafuu, ambazo hazijakaangwa kwa chumvi. Loweka maji ya moto nusu saa, saga laini na ndimu, kitunguu saumu punje moja, chumvi, maji kidogo kidogo. Inatoka nzito, nyeupe. Pakaa nyama ikiwa bado ya moto. Nawapikia wajukuu wakija likizo, na ile bakuli wanailamba.

Mama Watatu
Shangazi, shikamoo na asante. Jana nimeijaribu, nikaongeza tango la kukata nyembamba lililolala kwenye siki. Sirudi tena kwenye mayonezi. Mke wa Mvuvi, huo unga wa muhogo ni wa dukani?

Mke wa Mvuvi
Wa makopa, dada, muhogo uliokaushwa. Twanga mwenyewe, chekecha mara mbili.