Vanguard 240S tupu, G Package au 350S? Nipo Mwanza, naombeni ushauri

NyegeziKona
Wakuu habari zenu. Nataka kuchukua Toyota Vanguard kwa ajili ya familia. Nimeshaamua Vanguard, kwa hiyo msinipeleke kwingine. Kinachonitatiza ni toleo. Kuna 240S tupu, kuna S Package, kuna G Package, halafu kuna 350S. Kwenye picha nikiziangalia naona gari moja, ila bei zinapishana kuanzia laki kadhaa mpaka mamilioni. Ipi inafaa? Aliyewahi kumiliki aseme. Nataka kumalizana wiki hii.

Fundi_Igoma
Mkuu, inafaa kwa kazi gani? Mko wangapi? Unaishi wapi, lami inafika mlangoni au unapanda miamba? Unaagiza Japani au unachukua iliyokwishatembea hapa nchini? Na bajeti. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Sangara62
Na mafuta analipa nani, wewe au ofisi? Kwenye 350S hilo ndilo swali la kwanza.

NyegeziKona
Bajeti ipo, msiwe na wasiwasi. Nyumbani tuko sita, bi mkubwa akija kutoka Sengerema tunakuwa saba.

Sangara62
"Bajeti ipo" 😂 Haya.

Hesabu_Kwanza
Bajeti itaje kaka, maana kodi haina aibu. Vanguard ilitengenezwa kuanzia 2007 hadi 2013. Kwa hiyo leo hakuna ambayo haijavuka miaka kumi, na zote zinabeba asilimia 30 ya ushuru wa uchakavu, yaani umri wa gari, uchukue ya mwanzo au ya mwisho. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 2000 ni asilimia 10. Halafu VAT 18 juu ya lundo lote. Ukiwa na gari ambalo TRA wamelithaminisha kwa milioni 10 mpaka bandarini, kodi hizo peke yake zinafika kama milioni 10 na laki sita na nusu. Tozo ndogondogo na usajili sijagusa.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapopitwa: injini ya 2.4 (240S) na ya 3.5 (350S) zote zimevuka cc 2000, asilimia ni zilezile. Kinachobadilika ni thamani wanayoanzia. Na kikokotoo chao kinataka modeli, mwaka, ukubwa wa injini na mambo kama hayo, hakikuulizi kama kiti cha dereva ni cha umeme kama cha G Package. Kwa hiyo ukiagiza, 240S tupu na G Package za mwaka mmoja zinaweza kutoka na kodi ileile. Kama tofauti kule Japani ni ndogo, chukua G. Kama ni kubwa, acha, kanunue tairi.

Xtrail_Damu
Najua umesema tusikupeleke kwingine ila dhamiri inanisuta. Nissan X-Trail T32, toleo la 20X, ya safu tatu. Injini ni 2.0, ushuru wa bidhaa unashuka mpaka asilimia 5. Ukipata ya miaka minane hadi kumi, uchakavu ni 15 badala ya 30. Mwambie huyo Hesabu akupigie. Viti vyake havipitishi maji, watoto wamwage uji wanavyotaka, unafuta na kitambaa. Angalia tu usichukue 20S, safu ya tatu utaitafuta huko.

NyegeziKona
Mkuu nimesema Vanguard.

Hesabu_Kwanza
Nimepiga. Kwa milioni 10 ileile, X-Trail ya miaka minane hadi kumi kodi ni kama milioni 7 na laki saba. Ila Xtrail_Damu umeruka jambo: gari jipya zaidi haliwezi kuwa na thamani ileile ya Vanguard ya 2008. Unachookoa kwenye asilimia unakirudisha kwenye bei ya kununulia.

MamaWawili_Pasiansi
Mimi ninayo 240S ya viti saba, naitembelea kila siku. Kaka, kwanza hakikisha hiyo unayoitaka ina viti saba kweli. Jina la toleo halikwambii. Kuna 240S za watano na kuna za saba, unafungua mlango wa nyuma unainua sakafu unaona mwenyewe.

Pili, hiyo safu ya tatu ni ya watoto. Usithubutu kumweka bi mkubwa kule, magoti yatamfika kidevuni kabla hamjafika Usagara. Na ukishaisimamisha, nafasi ya mizigo imekwisha. Sisi tukienda kwa wazazi mabegi yanapakatwa.

Kuhusu ngozi na kitambaa, nasema kama mtu anayepita Mwaloni Kirumba kununua dagaa: ngozi. Kitambaa kikinywa maji ya samaki, kila atakayepanda atajua mlikula nini Jumapili.

Sangara62
Mama, ngozi hiyo uiegeshe Makoroboi jua la saa nane halafu mtoto mwenye kaptula akae. Utamsikia mpaka Capri Point.

MamaWawili_Pasiansi
Natandika kanga. Harufu ya sangara haitandikiwi kanga.

DarMpakaZiwa
Nyie mnazungumzia dagaa, mtu anauliza injini. 350S baba. Nguvu farasi 280 dhidi ya 170 za 2.4, na otomatiki ya kawaida ya gia sita, siyo CVT ya mkanda. Mimi natoka Dar mpaka Mwanza kila likizo na familia imejaa. Ukifika Sekenke nyuma ya malori matatu yaliyobeba saruji ndipo utaelewa nini maana ya injini ya V6. Ya 2.4 unaikanyaga inalia tu, lori linakuangalia.

Fundi_Igoma
Ni kweli inavuta. Lakini anaishi Mwanza, Sekenke anaipita mara ngapi kwa mwaka? Foleni ya Mabatini na Nyakato V6 inakunywa tu ikiwa imesimama. Na siku ya kubadilisha plagi za upande wa nyuma kwenye hiyo V6 uje na subira, kuzifikia lazima vitu vya juu ya injini vifunguliwe, ufundi wake siyo wa bei ya 2.4.

Ya 2.4 nayo isisifiwe kama malaika. Hiyo injini ya 2AZ inajulikana kwa kula oili. Kabla ya kulipa, vuta kijiti cha oili ukione, ichemke, mtu akanyage mafuta wewe usimame nyuma. Moshi wa bluu, ondoka hata kama wamekupa G Package na chenji juu.

Ngosha_wa_Magu
Mwangaluka. Wacha nisimulie ya shemeji yangu, mnisamehe urefu.

Huyu bwana alitafuta gari kama wewe mwenye mada. Akaikuta kwenye yadi moja, sitaitaja. Nyeupe, rimu za inchi 18, viti vimevalishwa ngozi, nyuma kuna nembo ya G Package na stika ya 4WD inang'aa kuliko gari lenyewe. Muuzaji akamwambia hii ndiyo yenye kila kitu, wenzako wanaikimbilia. Kadi ya gari ikasomwa, cc zinalingana, mwaka unalingana. Wakaongeza pesa juu ya 240S ya kawaida iliyokuwa imeegeshwa pembeni, na siyo pesa ya soda. Dada yangu alifurahi mpaka akapiga picha na wale wauzaji.

Ikaja masika. Wanakwenda msibani Ukerewe kupitia Bunda, mvua imenyesha usiku kucha. Wameacha lami kidogo tu, wakaingia kwenye udongo mweusi. Unaujua ule, ukilowa unashika tairi kama ugali wa mhogo. Tairi za mbele zinazunguka, za nyuma zimetulia kimya. Shemeji anabonyeza kila kitufe anachokiona. Vijana waliokuwa wanapita na baiskeli wakamuuliza, "Mzee, si umeandika 4WD hapa?" Walilipwa, wakasukuma, tope likamrudia dada usoni na nguo za msibani. Kivuko kikawaacha.

Kurudi Mwanza fundi akaingia chini. Akatoka akicheka. Hakuna propela inayokwenda nyuma, hakuna difu ya nyuma. Wakafungua boneti kusoma kibati: ACA38W. Hiyo ni 2WD toka kiwandani. Ya 4WD ni ACA33W. Ile nembo ya G Package ilikuwa ya kubandika, ukipitisha ukucha pembeni gundi inaonekana. Ngozi ni kava tu, chini yake kitambaa cha kijivu kina madoa.

Akarudi yadi. Wakamwambia ulinunua kama ulivyoiona. Kwenye mkataba wa mauziano hakuna neno 4WD wala G Package, kuna Toyota Vanguard na namba ya chesisi. Mpaka leo ukimtania kuhusu stika anaondoka mezani.

Fundi_Igoma
Ngosha umemaliza. Mwenye mada, dawa ni kile kibati. Kina MODEL, kina namba ya chesisi, kina COLOR, kina TRIM ambayo ndiyo inaeleza viti vilivyotoka kiwandani. ACA33W ni 2.4 ya 4WD, ACA38W ni 2.4 ya 2WD, GSA33W ni 350S. Hizo herufi zinazofuata baada ya kistari hubeba toleo. Namba ya chesisi ukiiweka kwenye orodha za spea za mtandaoni inakutolea gari lilivyotoka, nembo ikidanganya utajua. Piga picha, nitumie hapa.

Na S Package isikuchanganye, hiyo ni habari ya mwonekano na rimu za 18. Tairi ya 235/55R18 ukuta wake ni kama milimita 129. Ya 225/65R17 ni kama 146. Kwa mtu anayekaa kwenye lami sawa. Kwa barabara za Buswelu au Isamilo juu kule kwenye mawe, hizo milimita 17 ndizo zinazookoa rimu.

NyegeziKona
Wabeja sana Ngosha, pole kwa shem. Jamani nifafanue. Gari lenyewe siagizi, lipo yadi hapa Nyakato, namba D, yaani limeshasajiliwa nchini. Bajeti ni milioni 33 na hapo iwe na bima. Na jina tu ndilo la Nyegezi, nimehamia Buswelu mwaka jana, lami inaishia mbali kidogo na nyumbani, kuna mlima wa mawe.

Hesabu_Kwanza
Namba D? Kwa hiyo kodi ilishalipwa na mtu mwingine, na mimi nimekaa hapa na kalkuleta.

Sangara62
😂😂

Xtrail_Damu
Mlima wa mawe, watu saba, dagaa. T32 ina kile kiswichi cha 2WD, AUTO na LOCK. Nasema tu.

DarMpakaZiwa
350S zote ni 4WD lakini. Nalo naliacha hapo.

MamaWawili_Pasiansi
Kwa Buswelu 4WD ni muhimu kuliko hiyo G. Jirani yangu alihamia kule na gari la kuvuta mbele tu, mvua ikinyesha analiacha dukani anapanda bodaboda. Toleo tupu la ACA33W lenye injini nzima, maliza. Kiti cha umeme unakisogeza siku ya kwanza, baada ya hapo nani anakigusa?

Halafu G na zile zenye redio kubwa ya Kijapani jiandae. Betri ikichomolewa redio inajifunga inadai namba za siri. Na masafa yake ya FM yanaishia 90, nusu ya stesheni za hapa huzipati mpaka ufungiwe kile kiongezi, nacho kinafanya namba kwenye kioo zisiendane na stesheni.

Ngosha_wa_Magu
Ya kwangu niliitupa nikaweka ya Kichina yenye skrini. Redio Free Africa inaingia kama niko studioni.

Fundi_Igoma
Hizo skrini za Kichina wakizifunga ovyo zinanyonya betri usiku. Mwambie fundi wako aangalie waya wa akiba umeunganishwa wapi.

Ngosha_wa_Magu
Aisee, ndiyo maana asubuhi inawaka kwa shida? Nilikuwa nalaumu betri.

Fundi_Igoma
Njoo nayo Igoma Jumatatu.

Mzee_Noah
Nimechelewa. Watu saba, bi mkubwa, mizigo ya Sengerema. Kwa nini siyo Noah? Milango ya kuteleza, mama anaingia bila kupanda, kila mtu ana kiti chake. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 Sengerema ni mteremko, Noah inakwenda na kurudi bila kungoja kivuko.

NyegeziKona
Mzee, Buswelu. Mawe.

Mzee_Noah
Noah ya 4WD zipo.

Xtrail_Damu
Tumbo la Noah litakwaruza mpaka litoe cheche.

Mzee_Noah
Hiace zinapanda huko huko kila siku zimejaza abiria. Wewe na Nissan yako na CVT yake tuonane ikifikisha kilomita laki mbili.

Xtrail_Damu
Vanguard ya 2.4 nayo ni CVT, mbona hamkusema? Oili ya CVT ikibadilishwa kwa wakati haina neno.

NyegeziKona
Nimeongea na jamaa wa yadi, nimemwomba picha ya kibati. Amesema boneti ina shida ya kufunguka, niende Jumamosi niione mwenyewe. Anasema ni G Package ya viti saba.

Sangara62
Boneti ina shida ya kufunguka 😂

Fundi_Igoma
Jumamosi saa tatu nipo Nyakato kwa kazi nyingine. Nitakuja na tochi, wewe gharimia mafuta ya gari yako tu.

MamaWawili_Pasiansi
Wakati mnasubiri, kuna mwenye rimu za 17 za Vanguard za kubadilishana? Ninazo 18 nne, tairi bado zina maua, nipo Pasiansi.